Ukinunua fleti Nyali, uliza lifti kabla ya bwawa

Wakala akikupeleka kuona fleti huku Nyali, ataanza na bwawa la kuogelea. Kisha chumba cha mazoezi, kisha bahari kutoka roshani. Ada ya huduma ya kila mwezi ataitaja mkishaaga, na ikiwa ndogo ataisifu. Mimi nina fleti hapa, nimekaa kwenye kamati ya wenye nyumba, na ada ndogo hunitia wasiwasi kuliko kubwa.

Bwawa linagombaniwa sana vikaoni, lakini si mlaji mkubwa. Wanaomeza pesa ni maji, stima ya pamoja, dizeli ya jenereta, mishahara ya askari, na lifti. Maji ya mfereji Mombasa ni ya mgao. Majengo mengi huchimba kisima, maji yake yana chumvi, na ya kunywa huletwa na boza. Wiki ambayo boza limeitwa mara mbili, mweka hazina hapokei simu. Lifti nayo huliwa na upepo wa bahari: milango inashika kutu chini, waya za umeme zinaharibika, na fundi hakanyagi jengo kabla ya kuona malipo.

Kwa hivyo uliza kuhusu mfuko wa akiba. Ada ikitosha askari na taa pekee, siku lifti ikifa mtaitishwa mchango wa ghafla, na hapo ndipo majirani hugeuka maadui.

Siku ya kukagua, achana na rangi mpya ya mbele. Zunguka upande wa baharini, inua macho chini ya roshani. Ukiona michirizi ya kahawia au lipu iliyovimba, igonge kwa ufunguo. Ikilia kama debe tupu, huenda vyuma vya ndani vimeshika kutu, na kutu inavyovimba huipasua zege. Hapo mtafute mhandisi.

Kule Surfside, Florida, jengo la ufukweni la Champlain Towers South, lililojengwa 1981, liliporomoka usiku wa tarehe 24 Juni 2021 likaua watu 98. Wachunguzi wamekuta kasoro za usanifu pia, si kutu tu. Lakini ripoti ya mhandisi kuhusu zege iliyochakaa ilikuwapo tangu 2018, na wenye nyumba walivutana miaka kadhaa juu ya matengenezo ambayo gharama yake ilifika takriban dola milioni 15.

Kenya tuna sheria ya 2020 ya umiliki wa sehemu za majengo, inayowapa wenye nyumba shirika lao na kugawanya michango kulingana na kipimo cha kila nyumba. Basi omba hesabu za mwaka jana na kumbukumbu za vikao. Anayekunyima ameshakujibu.

Halafu uliza ni nyumba ngapi zinadaiwa. Fleti nyingi huku ni za watu wa bara wanaokuja Desemba na Pasaka, na utawasikia: "Mimi sikai huko, nilipie bwawa la nini?" Askari wao, hata hivyo, analinda Januari hadi Novemba kwa pesa za wengine. Mwambie wakili wako adai barua inayoonyesha kwamba muuzaji hana deni la ada, kabla hujatoa amana. Wakala akisema barua itakuja baadaye, na amana ije baadaye.