Jean de Florette: filamu kwanza au kitabu?

Pole ndugu yangu. Mtihani wa Kifaransa umekaribia, riwaya ya Marcel Pagnol imekulemea, na unauliza kama filamu ya Claude Berri ya 1986 inatosha. Haitoshi, lakini anza nayo. Weka maandishi ya Kifaransa chini ya picha, maana lafudhi ya Provence, kusini mwa Ufaransa, ni ngumu kuishika. Tazama wakulima wawili, Papet na Ugolin, wanavyoziba chemchemi ya jirani yao Jean kwa saruji, kisha Jean anavyobeba maji mgongoni juani. Mimi nililia. Ukitoka hapo, fungua kitabu, kitasomeka. Manon des Sources, sehemu ya pili ya hadithi hii, usiiache, siri ya hadithi yote imo humo. Ila usijibu mtihani kwa kukumbuka filamu tu: muulize mwalimu wako sura zipi zinatahiniwa.