Amplifaya za valvu: kwa mnaoanza kazi hii visiwani

Vijana wakija kujifunza ufundi huu hapa Ng'ambo, Unguja, suali la kwanza huwa ni lile lile: nitie kapasita gani ili sauti iwe tamu zaidi? Kapasita ni kipuri cha kuhifadhi chaji ya umeme, na suali si baya, ila limekuja mapema. Amplifaya ya valvu, yaani ya vile vioo vinavyowaka na kukuza sauti, ikikaa miaka mingi bila ya kuwashwa haijafika kwenye utamu. Kwanza isiue mtu, kisha isiunguze transfoma zake, kisha iimbe kama ilivyokuwa ikiimba. Kuboresha kunakuja baada ya hapo, na mara nyingi ukifika hapo utaona hakuna la kuboresha.

Basi ikiletwa, usiichomeke. Mwenyewe atakwambia, "Ilikuwa ikifanya kazi vizuri, hebu ijaribu tu." Mjibu kwa adabu, "Nitaijaribu, bibi, lakini si leo," kisha ipindue na ufungue kifuniko cha chini. Hewa yetu ya chumvi na unyevu wa masika vimeshafanya kazi yao humo ndani. Utakuta mavi ya mijusi, mayai ya mende, kutu ya kijani kwenye ncha za waya, na nyaya zenye ngozi ya mpira inayomomonyoka ukiigusa. Nyaya hizo usizifunge tepu. Zitoe, utie mpya, mmoja baada ya mmoja, na kila hatua ipige picha kwa simu.

Halafu soma majina ya valvu. Watengenezaji wa Ulaya, Philips na Mullard wakiwemo, walizipa majina yanayojieleza. Herufi ya kwanza inasema habari ya hita, waya wa ndani unaoipasha valvu moto: E ni volti 6.3, G ni volti 5, U ni miliampia 100 kwa hita zilizoungwa mfululizo, P ni miliampia 300 kwa njia hiyo hiyo. Herufi zinazofuata zinasema kilichomo: C ni triodi (ya elektrodi tatu), F ni pentodi ndogo (ya elektrodi tano), L ni pentodi ya kusukuma spika, Z ni rektifaya (ya kugeuza umeme wa AC kuwa DC, wa mwelekeo mmoja) ya pande mbili, Y ya upande mmoja. Tarakimu ya mwanzo ikiwa 8, tako lake ni lile dogo la pini tisa. Ikiwa 3, ni la oktali, yaani pini nane. Kwa hivyo ECC83 ni triodi mbili ndani ya kioo kimoja, na EL84 ni ya nguvu. Wamarekani wana majina yao: ECC83 kwao ni 12AX7, EL84 ni 6BQ5, EZ81 ni 6CA4. Andika orodha hiyo uibandike ukutani, maana muuzaji anaweza kukwambia hana wakati anayo kwa jina jengine.

Kwa nini nasisitiza majina? Ukiona ECC83, EL84 na EZ81, kwa kawaida ipo transfoma inayotenga chesisi, ile bodi ya chuma, na umeme wa ukutani. Ukiona UCL82 na UY85, simama. Vifaa hivyo mara nyingi havina transfoma ya kutenga, na chesisi imeungwa moja kwa moja na waya mmoja wa umeme. Aliyefunga plagi akikosea nyaya, chesisi nzima ina volti 230, na skrubu ndogo ya kitufe cha volyumu inatosha kukurusha. Wenye redio za aina hiyo hupenda watiliwe waya wa kuungia simu wapige muziki. Mie hukataa, na nyinyi kataeni bila ya kuona haya. Hata kuifungua mezani, nataka iwe imeungwa kupitia transfoma ya kutenga.

Kapasita za pawa huweza kubaki na volti 300 hata baada ya plagi kuchomolewa. Zitoe umeme kwa rizista (kipuri cha kupunguza mkondo) ya kiloomu 10, wati 5, iliyofungwa nyaya zenye ngozi nzima na klipu mbili. Ishikilie kwa sekunde kadhaa, kisha pima kwa mita kuhakikisha. Mambo ya kugusisha bisibisi mpaka cheche ziruke waachieni wanaotaka kuonekana mashujaa. Na mkono mmoja uwe mfukoni unapopima kitu kilichowashwa. Kandambili kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki hazitakuokoa.

Kuwasha kwa mara ya kwanza ni kwa taa ya mfululizo: balbu ya wati 60 ya filamenti iliyokaa njiani kati ya ukuta na amplifaya. Balbu ya LED haifai kwa kazi hii, kwa hivyo ukiiona ya zamani dukani nunua na uiweke. Toa valvu zote kwanza. Balbu ikiwaka kwa nguvu na valvu zote zimetoka, mashaka yako yaende kwenye transfoma ya umeme. Ikififia, rudisha rektifaya. Ikimulika kidogo kisha ikashuka, endelea.

Sasa kuna kipimo kimoja ambacho ningependa mkijue kabla ya vyote. Kati ya triodi na valvu ya nguvu pana kapasita ndogo inayopitisha sauti na kuzuia umeme wa DC. Zile za karatasi na nta huvuja zikizeeka, na unyevu wa hapa unazizeesha haraka. Tulipokea amplifaya ya EL84 mbili kutoka nyumba moja ya Malindi hapa mjini, mwenyewe akilalamika kwamba valvu zake hazidumu. Tukaacha EL84 nje ya matako, tukaweka mita kwenye pini ya pili, ambayo ndiyo gridi, wavu unaodhibiti mkondo, na ncha nyengine kwenye chesisi. Panatakiwa sifuri. Upande mmoja mita ilisoma volti 9 chanya, na kadiri chombo kilivyopata joto ndivyo ilivyopanda. Gridi ikiwa chanya, valvu inavuta mkondo bila ya kipimo, sahani yake, yaani anodi, inaiva nyekundu na transfoma ya spika inateseka pamoja nayo. Valvu hazikuwa na kosa. Kila jozi mpya ilikuwa inapelekwa kufa. Kapasita mbili za polipropilini za volti 630 zikamaliza kesi.

Baada ya hapo rudisha valvu, unga spika, na upime kathodi, sehemu ya valvu inayotoa elektroni. Spika lazima iwepo: amplifaya ya valvu ikipewa sauti bila ya mzigo, volti zinapanda ndani ya transfoma ya spika mpaka zinaweza kutoboa insulesheni yake. Tuseme kila EL84 ina rizista ya kathodi ya omu 270 na unasoma volti 11. Gawanya: unapata kama miliampia 41. Toa 4 au 5 za skrini, yaani gridi ya pili, zibaki 36 za anodi. Ikiwa baina ya anodi na kathodi pana volti 290, hapo ni kama wati 10.4. Kikomo cha EL84 ni wati 12 za anodi, kwa hivyo iko salama. Hesabu ya darasa la skuli tu, lakini bila ya hiyo utakuwa unabahatisha.

Kabla ya kuamini hesabu, pima rizista zenyewe, kwani za kaboni za zamani hupanda. Iliyoandikwa kiloomu 220 usishangae kuikuta 300. Kapasita kubwa za pawa mie sizibembelezi. Zikishapita miaka khamsini ninatia mpya. Ila hizo mpya zipimeni, kwa sababu zipo zilizoandikwa maikrofaradi 47 na volti 450 lakini ndani hazina kitu. Na hapa ndipo wapenda kuboresha wanapoharibu. EZ81 inakubali kapasita ya kwanza isiyozidi maikrofaradi 50, GZ34 isiyozidi 60. Anayeweka 220 "ili besi iwe nzito" anaichoma rektifaya kila inapowashwa. Wengine hutoa rektifaya wakatia dayodi, volti zikapanda chombo kizima, kisha wanauliza kwa nini kinanuka.

Transfoma ya spika ndiyo roho ya chombo. Pima upande wa anodi kabla hujaahidi bei. Nusu zake mbili zikitofautiana kidogo si tatizo, lakini nusu moja ikiwa imekatika, anodi haipati umeme, na skrini inabeba mzigo usio wake mpaka iive. Mafundi wa kusokota mota za mapangaboi wanaweza kukusokotea transfoma ya umeme. Ya spika ni kazi nyengine, kwani tabaka zake zinapishana, na anayeifumua lazima ahesabu kila tabaka akiandika.

Umeme wetu nao unapanda na kushuka. Chombo chenye kiteuzi cha volti kiwekeni kwenye 240 ikiwepo, na mshaurini mwenyewe atumie stabilaiza. Mwaka 2008 kisiwa cha Unguja kilikaa gizani karibu mwezi mzima, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Jenereta ndogo zikawa ndizo umeme. Jenereta ya aina hiyo ndiyo adui mkubwa wa hita.

Maboresho ninayoyakubali bila ya ubishi ni machache: waya wa nyaya tatu, ethi ikifungwa kwa bolti yake peke yake kwenye chesisi, fyuzi kwenye waya wa moto, na njia ya kupigia muziki wa simu kwa vile vyenye transfoma ya kutenga. Ethi ya soketi ipimeni. Tundu tatu ukutani si ushahidi kwamba waya unafika ardhini. Kwa simu, msiunganishe kushoto na kulia moja kwa moja kwenye amplifaya ya spika moja. Tieni rizista ya kiloomu 10 kila upande, zikutane mbele ya volyumu. Mwenye sahani za santuri mwambieni ukweli kwamba rekodi za enzi ya Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928, hazina sauti nyingi za juu za kutafutwa kwa kapasita za bei kubwa.

Siku ya kukabidhi, bandika ndani ya kifuniko karatasi yenye tarehe na volti ulizozisoma kwenye kila kathodi, na mpe mwenyewe vipuri vyote ulivyovitoa ndani ya mfuko, kapasita zinazovuja zikiwa na alama ya kalamu.