Konea sio kama figo
Umeuliza kwa nini mdogo wako anayesubiri kuwekewa konea (ile sehemu angavu ya mbele ya jicho) hajapimwa HLA (alama za kwenye seli ambazo kinga ya mwili huzitumia kutambua kitu kigeni) kama wagonjwa wanaosubiri figo. Konea pale katikati haina mishipa ya damu kabisa, ndo maana kinga ya mwili haiifikii kirahisi, na Marekani walitoa utafiti mkubwa 1992 wa wagonjwa ambao miili yao ilikuwa na hatari kubwa ya kuikataa konea mpya, wakakuta kulinganisha HLA hakukusaidia, ila kulinganisha kundi la damu (A, B, AB au O) huenda kunasaidia. Muulize daktari kama mishipa imeshaingia kwenye konea yake, hapo ndo hatari inapanda. Na akishafanyiwa, jicho likiwa jekundu, linauma au anaona ukungu mpeleke siku hiyohiyo jamani, na matone ya steroidi (dawa ya kutuliza kinga ya mwili) asiyaache kwa kuamua mwenyewe.