Usiwaonyeshe Msingi

Mama alinipigia saa kumi alfajiri, adhana bado. Hakunipa hata nafasi ya kumaliza shikamoo. "Mwanangu, huyo mume wa mtu ni nani?"

Nilikuwa nimelala saa nane usiku, baada ya kuhariri video. Ilinichukua muda kuelewa anasema nini. Kumbe binamu yangu alikuwa ametuma skrinshoti kwenye kundi la ukoo: mimi nimesimama juu ya msingi wa nyumba yangu, nacheka, na chini yake komenti ya mtu nisiyemjua. "Wali wa nazi haujengi nyumba. Hayo matofali kanunua mume wa nani?" Watu zaidi ya mia sita walikuwa wameipenda. Mama yangu yuko Muheza, hana akaunti yoyote zaidi ya WhatsApp, lakini tusi lilisafiri mpaka likamfikia kitandani kwake.

Naandika haya kwa ajili yako unayetengeneza maudhui ukiwa bado unapanga, unayeota siku utakayowaonyesha watazamaji wako kiwanja chako. Naijua hamu hiyo. Umehangaika, watu wamekuona ukihangaika, unataka wakuone pia ukipata. Mimi niliifuata na imenigharimu.

Kazi yangu ni kupika mbele ya kamera, video naziweka YouTube. Nilianza mwaka 2019 kwenye chumba na sebule Tabata, jiko la gesi la plate mbili juu ya meza ya mbao, simu nimeifunga kwenye ndoo kwa raba. Kona ya dari ilikuwa na doa la maji, na watu waliliona kabla hawajaona chungu. "Huna hata jiko lako unatufundisha mapishi?" "Kwanza hama hapo dari lisikuangukie kwenye mchuzi." Nililia sana mwaka ule, nikajiambia kwamba nikijenga watanyamaza. Nilipoonyesha msingi, wale wale, na nimelinganisha majina ya akaunti kwa hiyo nasema kwa uhakika, ndio walioniita mdangaji, mwanamke anayeishi kwa pesa za wanaume. Kijana ninayemfahamu anayefundisha ufundi wa pikipiki mtandaoni alipoezeka bati nyumba ya mama yake, yeye wakamwita Frimasoni. Ndipo nilipoelewa kwamba nyumba ni fimbo tu mkononi mwa mtu anayetaka kukuchapa. Huna, unachapwa nayo. Unajenga, unachapwa nayo. Kwa hiyo usijenge ili kumnyamazisha mtu, kwa sababu hakuna kozi ya tofali ambayo ukiifikia atanyamaza.

Siku maneno yanapokulipukia, anza na watu wako. Mimi nilikosea. Nilikaa siku nzima nikijibu wageni mmoja mmoja, nikitoa maelezo ya bei za saruji kwa watu wasiotaka kujua bei za saruji, na mama yangu akabaki na lile swali lake mpaka jioni. Mpigie mama kwanza, au mumeo, au mkwe, yeyote ambaye neno hilo likimfikia litavunja kitu. Mwambie kwa sauti yako. Wageni wakibaki bila majibu, hupotezi kitu.

Sasa pesa, kwa sababu matusi mengi yanatokana na watu kutojua kazi hii inalipa vipi.

Mwenye nyumba wangu hakuwahi kunitukana, ila mwanawe alimwonyesha video yangu ya samaki wa kupaka iliyotazamwa mara 400,000. Mkataba ulipokaribia kuisha aliniita barazani. "Binti, wewe sasa ni mtu mkubwa. Tutaongea vizuri kidogo kuhusu kodi." Kutoka 250,000 kwa mwezi ikawa 350,000, na ilipwe miezi sita kwa mkupuo kama kawaida. Alidhani kila mtazamaji ananilipa. Video ile iliniingizia kama laki nne na nusu kwa miezi kadhaa. Watazamaji wangu wengi wako Tanzania na Kenya, ambako matangazo hulipiwa bei ndogo kuliko Ulaya. Ninao pia Waswahili wa Muscat na wachache Marekani, lakini kwa sehemu inayotokana na watazamaji wa Marekani, asilimia 30 inakatwa kodi ya kule, maana Tanzania haina mkataba wa kodi na nchi hiyo. Na ukiacha kujaza ile fomu ya kodi ya Marekani, unaweza kukatwa mpaka asilimia 24 ya mapato yako yote, hata ya mtazamaji wa Mbagala. Ijaze leo. Halafu malipo ya YouTube hayatoki mpaka yafike dola 100. Mwezi ukipata dola 60 zinasubiri mwezi unaofuata, na zikitoka zinatoka kati ya tarehe 21 na 26. Kodi ya nyumba haisubiri tarehe 21.

Nilihama. Kuhama Dar es Salaam kwa kodi ile ile ya 250,000 maana yake ni 1,500,000 ya miezi sita, na dalali anachukua ya mwezi mmoja juu yake. Utoe 1,750,000 kwa pamoja, kutoka kwenye kazi isiyokuwa na mshahara. Ndiyo maana ushauri wangu kwa anayepanga ni huu: fungua laini nyingine ya simu isiyokuwa na kazi yoyote ila kodi, na kila malipo yakiingia, yawe ya matangazo au ya mfanyabiashara aliyekupa sufuria uzitangaze, kata robo uipeleke huko kabla hujanunua hata nazi. Usirekodi mbele ya nyumba unayopanga. Mwenye nyumba wako asijue ukubwa wa ukurasa wako kama unaweza kumzuia asijue. Na mkataba uandikwe, kiasi na muda, ukiwa na sahihi zenu na za shahidi.

Kiwanja nilikinunua kwa 4,500,000, ishirini kwa ishirini, upande wa nje ya mji ambao sitautaja. Nililipa kwa awamu mbili, mauziano tukayafanya kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, majirani wa mipaka yote minne wakiwa wamesimama pale na kusaini. Kabla ya hapo niliwauliza majirani hao mmoja mmoja, muuzaji akiwa hayupo, kama eneo lina kesi, na nilikwenda ofisi ya ardhi ya halmashauri kuuliza kama limepimwa na limepangiwa matumizi gani. Ilinichukua wiki tatu na watu waliniona nina wasiwasi mwingi. Kuwa na wasiwasi mwingi.

Ujenzi wetu sisi tusio na mshahara ni wa kugeuza pesa kuwa kitu kabla haijayeyuka. Ikiingia laki tatu nanunua matofali 250, yanakaa kiwanjani. Ikiingia nyingine, mawe na mchanga. Msingi wangu ulichukua miezi kumi na minne. Benki niliulizia. Wakataka barua ya mwajiri, na riba ya mikopo ya nyumba kwetu ni kubwa, nikashukuru nikaondoka. Lakini tafadhali, kwa lolote lile, usiezeke nyumba kwa kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, wala kwa mikopo ya haraka ya kwenye simu. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni, na moja ya mambo yaliyolalamikiwa sana kuhusu wakopeshaji wa namna hiyo ni kuwatumia ndugu na marafiki zako ujumbe kwamba wewe ni mwizi. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni aibu. Kwako wewe, ambaye jina ndiyo duka lako, ujumbe huo utapigwa skrinshoti na kuzunguka kabla ya jioni.

Narudi kwenye ile video.

Ilikuwa ya dakika nane. Nilizunguka kiwanja chote nikionyesha hapa sebule, hapa chumba cha mama, hapa jiko, na nyuma yangu ulionekana mnara wa simu, tangi la maji la jirani na kibao cha shule kikisomeka herufi zote. Wiki ya tatu mzee wa jirani alinipigia. Nilipofika nilikuta matofali yapatayo 140 yamevunjwa, mengine yametupwa kwenye shimo la choo. Na juu ya zege la msingi, pale nilipokuwa nimesimama nikicheka, mtu alikuwa ameandika kwa mkaa, herufi kubwa kama urefu wa mkono wangu: MDANGAJI. Nilichukua brashi na ndoo nikasugua. Mkaa ulikuwa umeingia kwenye vinyweleo vya zege. Ukawa wa kijivu, lakini neno likabaki linasomeka. Fundi wangu, mtu mzima mwenye maneno machache, alikoroga saruji kidogo akapitisha juu yake bila mimi kumwomba, akasema, "Dada, hapa si ndipo panapokuja ukuta? Basi." Akaendelea na kazi.

Hilo ndilo jambo ninalotaka ulishike. Mtu akikutukana kwenye simu unaweza kuizima simu. Ukimwonyesha unapojenga, umempa njia ya kuja. Nyumba ioneshe ikiwa imekwisha na unakaa ndani, kama ni lazima uioneshe, na hata hapo onyesha ukuta, usionyeshe barabara.

Nilichofanya vizuri ni ushahidi. Usifute tusi kabla hujalihifadhi. Piga skrinshoti inayoonyesha jina la akaunti, tarehe na video yenyewe, nakili na kiungo cha ukurasa wa mtu huyo, kwa sababu jina la akaunti hubadilishwa. Nilichapisha kurasa 31 steshenari, nikapiga picha za matofali, nikaenda kituo cha polisi na mzee wa jirani kama shahidi, tukafungua taarifa na kupewa namba ya RB, yaani namba ya taarifa yetu. Sheria ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inazungumzia kumtumia mtu maudhui kwa nia ya kumtisha, kumnyanyasa au kumsababishia msongo, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Na kama mtu amesambaza namba yako au unapokaa, ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na tume yake inapokea malalamiko. Itaje sheria kwa jina unapotoa maelezo. Inasaidia mtu kuelewa kwamba hukuja kulalamika kwa kuudhiwa, umekuja kwa sababu kosa limetendeka.

Mmoja wa wale wenye akaunti alipatikana. Alikuwa mpangaji mwenzangu wa Tabata, mlango wa tatu kutoka kwangu, dada niliyekuwa nikimgawia chakula kila nikimaliza kurekodi. Hakuwa yeye aliyevunja matofali, lakini picha ya kibao cha shule yeye ndiye aliyeikuza na kuwawekea watu. Yule tuliyamaliza mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kwa maandishi. Wewe ukitaka kwenda mpaka mahakamani, nenda, usiruhusu mtu akwambie una roho mbaya. Mimi nilichoka, na nilikuwa na ukuta wa kupandisha.

Komenti sasa sisomi mwenyewe kwa saa 24 za kwanza. Mdogo wangu ndiye anayesoma, namlipa kwa kazi hiyo kama anavyolipwa fundi, kwa sababu ni kazi na inachosha moyo. Kwenye mipangilio ya YouTube ipo sehemu ya kuandika maneno yanayozuiwa, yakitokea komenti inasubiri ukaguzi wako. Usitegemee mashine ijue Kiswahili cha mtaani. Kaa chini uyaandike wewe, mdangaji, na mdangaji lenye alama katikati ya herufi, na matusi ya nguoni yote unayoyajua, na jina la eneo lako, na jina la shule ya jirani. Hayo mawili ya mwisho wengi wanayasahau. Mtu anayerudia rudia mfiche. Kumficha kunazidi kumfungia kwa kelele, maana yeye ataendelea kuona komenti zake kama kawaida wakati hakuna mwingine anayeziona, na hatajua kwamba anahitaji akaunti mpya.

Nilihamia mwaka jana mwezi wa Juni, nyumba ikiwa na bati, jamvi la zege na madirisha mawili tu yenye vioo, mengine nimeziba kwa maturubai. Jiko ndilo nililolimaliza kwanza. Kamera inatazama ukuta wenye khanga ya mama, dirisha liko nyuma yake, na kabla ya kurekodi nafunga mlango ili kengele ya shule isisikike.

Mama alikuja mwezi wa Agosti. Chumba chake hakikuwa na mlango bado, tulitundika pazia. Asubuhi ya pili nilimkuta amesimama nje na simu, anatafuta pa kusimama ili picha iingie nyumba nzima, anataka kuituma kwenye lile kundi la ukoo. Nilimwomba ageuke, mnara wa simu ukae mgongoni mwake. Akageuka, akapiga mlango na kibaraza, akaandika chini yake kwa kidole kimoja, polepole, "Kwa mwanangu," akaituma.