Ukiambiwa mshipa haujaziba, uliza na ukuta wake ukoje

Jamani hili naliandika kwa sababu lilinikuta. Nilipimwa shingo kwa ultrasaundi nikaambiwa damu inapita vizuri, nikafurahi, nikaanza hadi kuruka dawa za kolesteroli, kumbe walichonisomea ni damu inavyopita tu, habari ya ukuta wa mshipa sikuambiwa na mimi sikuuliza.

Yaani mafuta yanajijenga ndani ya ukuta wenyewe, na mwanzoni mshipa unatanukia nje kwahiyo njia ya damu inabaki pana vilevile. Mtafiti Glagov na wenzake walilionyesha hilo 1987 kwenye mishipa ya moyo, kwamba njia haianzi kubana mpaka uchafu huo wa mafuta ujaze kama asilimia 40 ya eneo la mshipa. Ndo maana unaweza kuambiwa uko sawa na ugonjwa unaendelea.

Daktari mwingine ndo akaniandikia MRI, ile mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, waangalie ukuta wa mshipa wa shingo. Wanaipiga kwa namna ambayo damu inatoka nyeusi ili ukuta uonekane. Alinionyesha kwenye skrini: kiduara cheusi, pete ya kijivu imekizunguka, ila upande mmoja pete imenenepa kama mwezi mchanga. Pale penye unene ndo kuna mafuta, na wanaangalia pia kama ngozi inayoyafunika ni nyembamba au imechanika, na kama damu imevujia ndani, maana hayo ndo yanaleta kiharusi hata kama mshipa haujabana sana.

Sasa kosa langu. Kipimo cha pili nilifanyia sehemu nyingine, mashine nyingine, vipande vya picha vinene kuliko vya kwanza, halafu nilikuwa nameza mate ovyo picha zikatoka na ukungu. Daktari akashindwa kulinganisha. Ukuta mzima wa mshipa huo una unene wa kama milimita 1 tu, sasa ukitikisika kidogo unategemea nini? Kwahiyo rudi mashine ileile, waambie wapige kwa mpangilio uleule, meza mate pale kelele za mashine zinaponyamaza kabla hawajaanza picha nyingine. Unalala kama nusu saa au zaidi, vumilia. Kama una betri ya moyo au chuma chochote mwilini sema mapema, na kama figo zina shida sema kabla hujachomwa gadolini, dawa ya kufanya picha ionekane vizuri.

Na usikimbilie kurudia kila baada ya miezi michache, MRI haina mionzi kweli lakini hutaona kitu. Kuna utafiti wa 2001 wa simvastatini, dawa ya kushusha kolesteroli, walipima kwa MRI, miezi 6 hakuna badiliko, miezi 12 ndo ukuta ukaonekana umepungua na njia ya damu ikiwa ileile. Mi hiyo ndo iliyonirudisha kwenye dawa, nimeze tu kila usiku hata kama sisikii tofauti.

Mishipa ya moyo bado ni ngumu kwa MRI maana ni myembamba na moyo hautulii, na chokaa kwenye mishipa CT, ile mashine ya eksirei inayopiga vipande vipande, inaiona vizuri zaidi, kwahiyo usishangae ukiandikiwa vyote viwili.

Halafu omba picha zenyewe kwenye CD, ripoti ya karatasi haitoshi. Mara ya tatu nilienda na CD ya kwanza, daktari akaziweka mbili pembeni kwa pembeni, akahesabu vipande kuanzia pale mshipa unapogawanyika, akanionyesha ule mwezi mchanga uko palepale na haujanenepa.