Maswali yenu: gavana wa Virginia aliyechaguliwa na bunge

Juzi niliandika kwamba Thomas Jefferson kabla hajawa rais wa Marekani alikuwa gavana wa jimbo la Virginia, na hakuna mwananchi wa kawaida aliyempigia kura, kachaguliwa na wabunge tu. Maswali yamekuja mengi, leo najibu haya.

Sasa kwa nini wasiwaachie wananchi wachague?

Kwa sababu watu wa Virginia walikuwa na kidonda bado kibichi. Gavana wa kikoloni analetwa na mfalme wa Uingereza, akichukia anavunja bunge watu wanarudi makwao. Wa mwisho, Lord Dunmore, aliwavunjia bunge, Juni 1775 mambo yalipomchachia akakimbilia kwenye meli ya kivita. Kwa hiyo walipoandika katiba yao 1776 wakambana gavana kila kona: anachaguliwa na bunge kwa mwaka mmoja tu, akitumikia mitatu mfululizo lazima akae pembeni miaka minne, hana veto, yaani hawezi kuikataa sheria iliyopitishwa na bunge, na maamuzi yake lazima yapite kwanza kwa baraza la watu 8 ambao nao wamechaguliwa na bunge hilohilo. Yaani ukisoma ile katiba unaona kabisa wanamwandikia Dunmore. Mimi hofu yao naielewa ila walikaza kamba mno, na nitasema kwa nini huko chini.

Kura yenyewe ilipigwaje?

Hapa ndo pananivutia mimi. Bunge lilikuwa na nyumba mbili, Baraza la Wajumbe na Seneti, kila nyumba inapigia kura kwenye ukumbi wake, halafu masanduku yanapelekwa chumba cha mkutano, kamati ya pande zote mbili inayafungua na kuhesabu kwa pamoja, kisha kila nyumba inapelekewa hesabu. Tarehe 1 Juni 1779 pale Williamsburg, gavana aliyekuwepo, Patrick Henry, kamaliza miaka yake mitatu, wanagombea watu watatu. Raundi ya kwanza Jefferson 55, John Page 38, Thomas Nelson 32, hakuna aliyevuka nusu. Nelson akatoka, wakarudia, Jefferson 67, Page 61. Kura sita! Ukiangalia vizuri wengi wa watu wa Nelson walihamia kwa Page, kidogo tu Jefferson akose.

Hao wawili hawakugombana?

Hapana, na hili linanigusa sana. Walikuwa marafiki tangu chuo. Page akamwandikia barua ya pongezi, Jefferson akamjibu kwamba imemuuma marafiki zao kuwashindanisha, na kwamba tofauti ya kura ni ndogo mno kumuumiza mmoja au kumfurahisha mwingine. Wakabaki marafiki.

Mfumo huo uliwahi kuwaletea shida?

Tena kubwa, 1781, katikati ya vita vya uhuru dhidi ya Uingereza. Waingereza wako ndani ya Virginia, bunge limekimbia kutoka Richmond, makao makuu mapya, limehamia Charlottesville, muda wa Jefferson unaisha tarehe 2 Juni na mwenyewe hataki tena, na wabunge hawajachagua mwingine. Usiku wa kuamkia tarehe 4 mtu mmoja aitwaye Jack Jouett akapanda farasi akakimbia kama maili 40 gizani kuwaambia kwamba askari wa Tarleton, kamanda wa Waingereza, wanakuja, Jefferson akaponea chupuchupu nyumbani kwake Monticello, wabunge kadhaa wakakamatwa, waliobaki wakavuka milima hadi Staunton. Sasa fikiria, jimbo linavamiwa halafu gavana hakuna, kwa sababu watu pekee wenye haki ya kumchagua wako mbioni! William Fleming wa lile baraza la watu 8 akashikilia hadi tarehe 12 wabunge walipomchagua Nelson, yule wa raundi ya kwanza, ambaye tayari alikuwa jenerali wa wanamgambo. Siku hiyohiyo wakaamua Jefferson achunguzwe alivyoongoza, Desemba wakamsafisha na kumshukuru, lakini naona haikuwa haki hata kidogo, walimfunga mikono wenyewe halafu wanamuuliza mbona hukupigana. Baadaye Jefferson aliandika kwamba madikteta 173, akimaanisha wabunge, watakandamiza sawasawa na mmoja.

Majimbo mengine je, na uliisha lini?

New York walichagua gavana kwa kura za watu tangu 1777, Massachusetts 1780. New Jersey waliendelea na bunge mpaka katiba ya 1844, South Carolina mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoisha. Virginia walibadilisha kwa katiba ya 1851, na Desemba mwaka huo Joseph Johnson, mtu wa magharibi ya milima, akawa gavana wa kwanza kuchaguliwa na wapiga kura wenyewe. Na hao wapiga kura, naomba tuelewane, ni wanaume weupe tu. Kabla ya hapo hata kumchagua mbunge ilitaka uwe na ardhi au mali, 1851 sharti hilo likaondoka, ila wanawake hapana, na weusi, watumwa na walio huru, hawakuwa na kura yoyote.