Maswali na Majibu: Maadili ya Madiwani, Kuanzia Tamko la Maslahi hadi Adhabu

Maswali ya safari hii yametoka kwa madiwani wenyewe, makatibu wa vikao na wananchi waliochoka kuandika barua zisizojibiwa. Sheria hutofautiana nchi kwa nchi, kwa hiyo kabla ya kuchukua hatua yoyote fungua kanuni za maadili na kanuni za kudumu za baraza lako. Mifano ya nchi tuliyoiweka ni ya kulinganishia.

Swali: Kampuni ya mdogo wangu iliomba zabuni ya halmashauri. Mwanzoni mwa kikao nilitamka kuwa nina maslahi, nikabaki kitini bila kuchangia wala kupiga kura. Wenzangu wawili wamenilalamikia. Nimekosa wapi?

Jibu: Inaelekea umekosa kwa kubaki, Mheshimiwa. Diwani aliyenyamaza ukumbini bado anaonekana, na wajumbe wanaojadili bei ya kampuni ya mdogo wake wanapima kila neno kwa sababu yupo. Ndiyo maana kanuni za mabaraza mengi zinamtaka atoke nje kabisa, asihamie hata viti vya wageni, mpaka ajenda ile ifungwe.

Siku nyingine, makabrasha yakishakufikia, pitia ajenda zote na umwandikie katibu kabla ya kikao. Ukumbini taja namba ya ajenda na aina ya maslahi: "Ajenda ya 7, mmoja wa waombaji ni kampuni ambayo mdogo wangu ni mwanahisa." Kauli kama "nina maslahi katika baadhi ya mambo ya leo" haikukingi na chochote, maana hakuna atakayejua baadaye ulikusudia jambo gani. Katibu aandike jina lako, ajenda, maslahi yenyewe, saa uliyotoka na saa uliyorudi. Muhtasari usipoonyesha kuwa ulitoka, mzigo wa kuthibitisha utakuangukia wewe, miezi kadhaa baadaye, mbele ya mashahidi waliokwisha kusahau.

Mwenyekiti naye ahesabu akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe inayohalalisha kikao, kabla hujavuka mlango. Ikiwa kutoka kwako kutaivunja, jambo liahirishwe au iombwe ruhusa maalumu kwa maandishi. Ruhusa hiyo huombwa kabla ya mjadala. Ikitolewa baada ya kura haiponyi uamuzi.

Tuseme na hili, kwa kuwa ndilo linalowaangusha wengi: mambo mazito hutokea nje ya ukumbi. Diwani hutamka vizuri, hutoka vizuri, kumbe wiki moja kabla alimpigia simu afisa manunuzi "kuulizia tu". Simu hiyo inaweza kuwa kosa kubwa kuliko kura ambayo hakuipiga.

Kuhusu udugu: sheria nyingi zina duara mbili. La ndani ni lako na la mwenza wako, nalo husimamiwa kwa ukali. Uingereza (humu tuna maana ya England, maana Wales na Uskoti tunazitaja peke yake), kwa mfano, tangu sheria ya serikali za mitaa ya 2011, kushiriki ukiwa na maslahi ya kifedha ya aina hiyo bila sababu ya msingi ni kosa la jinai, na mahakama inaweza kumzuia mhusika kuwa diwani kwa hadi miaka 5. Duara la nje ni la ndugu, marafiki wa karibu na washirika wa biashara. Hapo kipimo cha kawaida ni mtu wa kati mwenye akili timamu: akijua ukweli wote, je, ataona uamuzi wako unaweza kuyumbishwa? Mdogo wako mwenye hisa katika kampuni inayoomba zabuni, mtu huyo hatahitaji muda kujibu.

Swali: Mwenza wangu hataki mali zake ziandikwe katika fomu yangu ya tamko la mali. Anasema yeye hakugombea.

Jibu: Hakugombea, ni kweli, lakini fomu inamgusa. Tanzania, Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 inamtaka kiongozi, diwani akiwemo, atamke mali zake, za mwenza wake na za watoto wake walio chini ya umri wa miaka 18 ambao hawajaoa au kuolewa. Hufanya hivyo ndani ya siku 30 baada ya kushika wadhifa, kila mwisho wa mwaka, na anapoondoka madarakani. Uingereza muda wa kujaza rejista ya maslahi ya madiwani ni siku 28. Kama kuna tishio la kweli la kudhuriwa, baadhi ya nchi huruhusu taarifa fulani zisiwekwe hadharani, ila hata hapo msimamizi wa rejista lazima azijue.

Fomu ya kwanza kwa kawaida hujazwa, maana kuna mtu anaidai. Inayosahaulika ni mabadiliko: kiwanja kilichonunuliwa katikati ya muhula, ukurugenzi mpya, mkataba wa mwenza. Jiwekee tarehe ya kuipitia kila robo mwaka.

Swali: Mkandarasi aliniachia kifurushi kwa mlinzi. Sijakifungua.

Jibu: Kirudishe leo kwa barua, weka nakala, na umjulishe msimamizi wa rejista kwamba ulipewa na ukakataa. Zawadi iliyokataliwa nayo huandikwa, kwa sababu inaonyesha nani anabisha hodi. Kanuni nyingi zina kiwango cha thamani (ile ya mfano iliyotolewa kwa halmashauri za Uingereza mwaka 2020 iliweka pauni 50), lakini kwa mtu mwenye zabuni au ombi la kibali mezani kwenu, usitafute kiwango. Kataa. Pia jumlisha: vifurushi vidogo vinne kutoka mkono mmoja ni zawadi moja kubwa.

Swali: Diwani wetu alimtukana mkazi katika kundi la WhatsApp la mtaa. Anadai ile ni simu yake binafsi na ilikuwa usiku. Kamati ya maadili inaweza kumgusa?

Jibu: Inategemea alikuwa amevaa kofia gani, na kofia haipimwi kwa saa wala kwa mwenye simu. Uliza: kundi lilihusu nini? Jina lake pale limetanguliwa na cheo? Mzozo ulianzia kwenye kazi ya halmashauri, kama taka, barabara au kibali cha ujenzi? Alitumia taarifa ambayo ni diwani tu angeipata? Ikiwa mkazi aliuliza kuhusu mtaro na diwani akajibu kwa tusi, ni vigumu kusema alikuwa faraghani. Ikiwa waligombana juu ya mpira katika kundi la mashabiki, ni jambo jingine, hata kama lugha ni ileile chafu.

Kesi inayofundisha zaidi hapa ni ya Ken Livingstone, aliyekuwa meya wa London. Februari 2005, akitoka kwenye tafrija, alimfananisha mwandishi wa habari na mlinzi wa kambi ya mateso. Jopo la maadili lilimsimamisha kwa wiki 4. Oktoba 2006 Mahakama Kuu ilifuta adhabu hiyo: maneno yalikuwa ya kuudhi, lakini wakati ule hakuwa akitekeleza kazi za umeya, na kanuni hazikumfuata huko. Kanuni za wenzetu wengine ni pana zaidi, zinashika hata mwenendo binafsi unaoshusha hadhi ya wadhifa. Soma maneno halisi ya kanuni yenu kabla ya kuita kikao.

Jambo la pili ni uhuru wa siasa. Diwani akimwambia diwani mwenzake kwamba bajeti yake ni ya kipumbavu, kamati ikae mbali. Wanasiasa wanatarajiwa kuwa na ngozi ngumu. Watumishi wa halmashauri hawapimwi hivyo, kwa kuwa hawana jukwaa la kujibu. Mwaka 2014, katika rufaa ya diwani mmoja wa Flintshire, Wales, Mahakama Kuu ilikubali kuwa maneno ya kisiasa yana kinga pana, lakini ikasema pia kwamba watumishi wanastahili kulindwa dhidi ya mashambulizi yanayowazuia kufanya kazi. Diwani yule hakuponyoka. Muda wake wa kuzuiwa kushika udiwani ulipunguzwa kutoka miaka miwili na nusu hadi miezi 18.

Kwa ushahidi, picha moja ya skrini haitoshi. Taka mazungumzo kabla na baada, tarehe, saa, na aliyeyahifadhi ajitambulishe. Picha iliyokatwa juu na chini imezamisha mashauri mengi ambayo vinginevyo yalikuwa na msingi.

Swali: Nimechaguliwa mwenyekiti wa kamati ya maadili na tayari kuna malalamiko matatu mezani. Nianzie wapi?

Jibu: Usianze kwa kumwita mlalamikiwa "aje ajieleze". Hapo ndipo mashauri yanapoharibikia, kwa sababu anahukumiwa kabla hajajua anatuhumiwa nini.

Sajili kila lalamiko kwa namba na tarehe, na mjibu mlalamikaji kwa maandishi kuwa limepokelewa. Siku 5 za kazi zinatosha. Kisha mwanasheria wa halmashauri, si kamati, alichuje. Je, mhusika alikuwa diwani siku ya tukio, na alikuwa katika nafasi hiyo? Ni kifungu kipi kinachodaiwa kuvunjwa? Na swali lenye nguvu kuliko yote: hata tukikubali kila neno la mlalamikaji, kanuni imevunjwa? Jibu likiwa hapana, faili lifungwe kwa barua yenye sababu. Mtauona uchujo huu ukifanya kazi kubwa, maana watu wengi huleta kwenye maadili hasira ya uamuzi walioupoteza. Diwani aliyepiga kura dhidi ya soko lako hakukosa maadili, amekosana nawe.

Yaliyobaki yagawanye. Lugha kali ya mara moja inaweza kuisha kwa kuomba radhi kwa maandishi, kila upande ukiridhia. Usiyapeleke huko mambo ya fedha, rushwa wala unyanyasaji wa kingono. Panaponukia jinai, simamisha uchunguzi wako na ulipeleke kwa chombo chenye mamlaka, maana ukihoji mashahidi kabla yao unaweza kuwaharibia kesi.

Linalohitaji uchunguzi lipewe mtu asiye na uhusiano na pande zote, na hadidu za rejea zilizoandikwa: tuhuma zipi, vifungu vipi, hadi lini. Mlalamikiwa apate tuhuma kwa ukamilifu, muda wa kujibu, na haki ya kuja na mwakilishi. Rasimu ya ripoti izione pande zote mbili, zisahihishe ukweli. Ndipo kamati isikilize. Aliyechunguza asikae miongoni mwa wanaoamua. Jambo hili linaonekana dogo mpaka siku ya rufaa.

Swali: Tupokee barua zisizo na jina?

Jibu: Zipokeeni, zisajiliwe, lakini zisonge mbele tu kama zina nyaraka au dalili inayoweza kuthibitishwa bila mwandishi, mfano namba ya hati ya malipo. Tofautisha na mtu anayejitambulisha kwenu akiomba jina lake lifichwe. Huyo mnaweza kumhoji.

Swali: Chama kimoja kina viti karibu vyote katika baraza letu. Kamati ya maadili imejaa wao. Kuna maana ya kulalamika?

Jibu: Wasiwasi wako una msingi, na dawa yake ni muundo, si nasaha. Wales, kamati za maadili huwa na wajumbe 5 hadi 9, na angalau nusu si madiwani. Uingereza njia ni nyepesi zaidi: kuna mtu huru ambaye maoni yake lazima yasikilizwe kabla ya kuamua tuhuma iliyochunguzwa, lakini hana kura. Kwa maoni yetu mfumo wa Wales unaaminika zaidi, kwa sababu mtu asiye na kura hupuuzwa kwa adabu. Kama kanuni zenu zinaruhusu wajumbe wa nje, dai waingizwe, na wapatikane kwa tangazo la wazi.

Hatari ya upande wa pili ni wengi kumwadhibu mchache kwa mlango wa nyuma. Halmashauri ya mji wa Ledbury, Uingereza, ilimwekea diwani vikwazo kwa kutumia utaratibu wa malalamiko ya watumishi badala ya ule wa kanuni za maadili. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ilisema haikuwa na mamlaka hayo. Na wewe kama ulalamikaji wako ni wa kweli, lalamika kwa maandishi hata kama kamati haiaminiki: bila lalamiko la kwanza hakuna rufaa ya pili.

Swali: Diwani wetu haonekani vikaoni kabisa.

Jibu: Hili kwa kawaida si suala la kamati ya maadili peke yake, sheria yenyewe huhesabu. Kenya, mwakilishi wa wadi hupoteza kiti akikosa vikao 8 bila ruhusa ya maandishi ya spika. Afrika Kusini ni vikao 3 mfululizo alivyopaswa kuhudhuria. Uingereza ni miezi 6. Omba daftari la mahudhurio, si maneno ya watu.

Swali: Adhabu ya juu ni ipi?

Jibu: Tofauti ni kubwa mno. Tume ya viwango ya Uskoti inaweza kusimamisha diwani hadi mwaka 1 au kumwondolea sifa ya kuwa diwani hadi miaka 5. Wales, kamati ya halmashauri husimamisha hadi miezi 6, na jopo la juu hadi miaka 5 ya kukosa sifa. Uingereza, tangu mabadiliko ya 2011, halmashauri ilibaki na karipio, mafunzo, na kuomba chama kimtoe kwenye kamati. Angalia mamlaka yenu kabla ya kutangaza adhabu, maana adhabu isiyo kwenye sheria hufutwa, na kosa lililothibitishwa hufutika nayo machoni pa watu.

Swali: Alijiuzulu siku mbili kabla ya kusikilizwa. Tufunge faili?

Jibu: Msikimbilie. Kwingine mamlaka huisha mtu akiacha kiti, lakini jopo la Wales, kwa mfano, linaweza kumwondolea sifa hata aliyekwisha kuondoka. Angalieni kwanza kanuni zenu zinasemaje. Hata mamlaka ikiwa imeisha, ripoti ikamilishwe kwa kile kilichokwisha kupatikana, deni lolote la fedha za umma lifuatiliwe kwa njia zake, na nyaraka zifungwe kwa orodha iliyosainiwa na watu wawili. Kompyuta mpakato na simu za halmashauri alizokabidhi zisifutwe wala kupewa mrithi wake mpaka mwanasheria aandike kwamba hazihitajiki tena.